Karai la Mama Yake Mzee Liang

Ujumbe ulinikuta dukani kwangu Mwanza, saa nne asubuhi, wateja wawili kutoka machimboni wakiwa wameegemea kaunta. Yun, binti yake Mzee Liang wa Guangzhou, alikuwa ameandika mistari miwili ya Kichina: baba yake amefariki kwa ugonjwa wa kifua, na siku za mwisho hakuteseka. Katika duka zima hapakuwa na mwingine awezaye kusoma herufi zile, kwa hiyo nilifiwa mbele ya watu na hakuna aliyejua. Niliiweka simu kifudifudi, nikaendelea kuwaonyesha wale wateja jinsi ya kushika detekta ya kutafutia madini, mkono usiyumbe, sahani yake ipite karibu na ardhi bila kuigusa. Walinunua. Mimi siachi mteja aondoke mikono mitupu, hata siku kama ile. Walipotoka nikaingia ofisi ya nyuma, nikafunga mlango, nikakaa chini ya stashahada yangu iliyoko ukutani, na mwaka ule wa Guangzhou ukanirudia wote.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, kwa sababu hayo hayakunifikisha popote. Nilijifikisha mwenyewe. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki niliowakuta Guangzhou walikuwa wameletwa na ufadhili, wana posho na kitanda cha bweni. Mimi nilijilipia ada kwa kuwabebea mizigo wafanyabiashara wa Kariakoo na kuwatafsiria bei, nikasoma ufundi wa vifaa vya elektroniki, masomo yote kwa Kichina, nikafaulu kuliko baadhi ya Wachina wenyewe. Nasema hivi si kwa kujisifu, ingawa ningekuwa na haki. Nasema ili msomaji aelewe ni mtu wa namna gani aliyeingia uani kwa Mzee Liang na mashine mkononi: mtu aliyezoea kuwa yeye ndiye anayejua.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu. Nilikaa Xiaobei, mtaa wa Dengfeng, ghorofa ya saba, chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la jirani kwa karibu sana hata ningeweza kuugusa. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na jiko la watu nisiowahi kuwaona. Nilijua saa zao za kula kwa mlio wa mafuta, nilijua mama wa nyumba hiyo alikuwa na mafua mwezi wa pili, nilijua mtoto wao hapendi kuamka. Mwenzangu wa chumba, Mkongo mmoja mpole, alikuwa amehamia Yiwu kutafuta bei nzuri zaidi, akaacha kitanda chake kitupu. Nikapanga juu yake maboksi ya detekta, kumi na nne, nilizokuwa nikizikusanya kuwapelekea wachimbaji wa dhahabu wa Geita na Chunya. Basi nikawa nalala chumba kimoja na mashine. Mchana nilizungumza na watu mia, laoban huyu na laoban yule, kwa maana kila mwenye duka kule huitwa bosi. Lakini yalikuwa mazungumzo ya bei tupu. Zilipita siku nzima bila mtu kuniita kwa jina langu.

Aliyeniita kwa jina, na kwa kabila pia, alikuwa Mama Salma, mwanamke wa Unguja aliyepika nyumbani kwake na kuuza chakula kwa Waswahili. Vyumba viwili, mikeka sakafuni, viatu mlangoni vimelundikana kama msikitini. Ukila pale uliona watu wametoka uwanja wa ndege wa Baiyun asubuhi hiyo, mizigo haijafunguliwa, wanauliza kama kuna chapati. Nilipenda kukaa pembeni karibu na mlango wa jiko na kusikiliza. Mmoja anadai ameshikwa na bei ya kitambaa cha soko la Zhongda kama mwizi. Mwingine anamwambia mkewe kwenye simu kwamba Guangzhou ni jua kali, na nje mvua inanyesha. Mama Salma alikuwa akinipitishia sahani juu ya vichwa vya watu na kuniuliza kwa sauti, wote wasikie, kama mashine zangu za Kisukuma zinaweza kumtafutia mume, na kama zinalia kwa mume wa shaba au mpaka awe wa dhahabu. Watu wanacheka, na mimi nacheka. Kisha wanarudi kwenye habari zao, na mimi narudi kwenye wali wangu wa nazi.

Nilikuwa na kanuni, na ninayo hadi leo: siuzi mashine nisiyoijaribu mwenyewe kwenye udongo. Guangzhou udongo ni adimu. Bustani za umma haziruhusu mtu kuchimba, na kwingine kote ni saruji. Siku moja nilimsindikiza mteja kununua bitana kule Zhongda, na wakati yeye akibishana bei nikazunguka nyuma ya soko, kwenye kijiji cha zamani kilichomezwa na jiji. Vichochoro vilikuwa vyembamba, mikokoteni ya marobota ya vitambaa inapita ikikwangua kuta, na nyumba nyingi zilikuwa tayari hazina watu, zimeandikwa alama nyekundu ya kubomolewa, kwa kuwa eneo lilipangiwa kujengwa upya. Mwisho wa kichochoro palikuwa na nyumba moja bado inaishi. Ilikuwa na ua wa udongo mtupu, matuta matatu ya kabichi, na mti mkubwa wa matunda yanayofanana na shokishoki. Mzee mmoja mwembamba, fulana nyeupe, alikuwa akimwagilia kwa kopo. Nilimwamkia kwa heshima, nikamweleza ninachotaka. Hakunielewa kwanza, kwa sababu alikuwa mtu wa Kikantoni, lugha ya kule kusini, na Kichina cha shule alikijua kama nilivyokijua mimi, cha kujifunza ukubwani. Ndiyo maana baadaye tulielewana sana. Sote wawili tulizungumza polepole.

Nilimwonyesha. Nilivua pete yangu ya fedha, nikamwomba aizike mahali mimi nimegeuka, kisha nikapitisha mashine hadi ikalia. Aliweka kopo lake chini. Halafu akaniuliza kama inaweza kusikia kitu kilichozikwa miaka hamsini.

Hivi ndivyo alivyonieleza, siku hiyo na Jumapili zilizofuata, akirudia mara nyingi. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, serikali iliamuru kila nyumba itoe vyuma vyake viyeyushwe, na watu wakawa wanakula pamoja kwenye jiko moja la kijiji. Mama yake alitoa majembe, akatoa hata bawaba za mlango. Karai lake la kupikia, alilokuja nalo siku ya harusi, hakulitoa. Alilizika uani asubuhi moja, na mtoto akamwona kupitia dirishani, ila mahali hasa alikuwa ameshapasahau. Baadaye jiko la pamoja likafungwa, njaa ikaingia, mtoto akapelekwa kwa shangazi yake ng'ambo ya mto ambako kulikuwa na viazi. Mama alibaki kulinda nyumba. Alifariki kabla mtoto hajarudi. Sasa nyumba inaondoka. Majirani wote walikwisha kutia saini na kuhama; Yun alikuwa na fleti mpya tayari na chumba cha baba. Mzee alikuwa anachelewesha, mwezi baada ya mwezi, kwa ajili ya karai tu. Mwisho wa mwezi wa kumi, alisema, mashine kubwa zitaingia, na chochote kilichomo ardhini kitakwenda na kifusi.

"Umeishi na ua huu miaka hamsini," nikamwambia. "Kwa nini hukuchimba?"

"Nilikuwa na kazi," akajibu, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Nilitaka kibali cha maandishi. Mimi si mtu wa kuvamia ardhi ya mwenzake. Najua pia kwamba vitu vya kale nchini mwao ni mali ya serikali. Mzee aliandika karatasi, akaweka dole gumba jekundu, na kamati ya mtaa ikagonga muhuri, kwa sharti kwamba kitu chochote cha kale tutakachokuta nitakipeleka kwao. Niliitia karatasi ile kwenye plastiki, nikawa naivaa shingoni kama kitambulisho. Jumapili ya kwanza niligawanya ua kwa kamba, vigingi na vipande vya vitambaa vya Zhongda, mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu. Mzee alitazama akasema hajawahi kuona mtu akifanya kazi kwa nidhamu namna ile. Nami nilikubaliana naye.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni kosa la mtu wa kwetu, na Mchina asingelifanya. Sisi tuliokulia ukanda wa ziwa tumekua na hadithi za mali ya Mjerumani. Kila boma la zamani, kila mti wenye alama, pana mtu anachimba chini yake akitafuta sanduku la rupia. Kwetu chungu hakizikwi kitupu. Mzee aliposema karai, mimi nilisikia karai, sikukosea neno. Ila papo hapo nikalijaza. Mwanamke anaficha chombo cha harusi kwa hatari kubwa vile, nilijiambia, lazima ndani yake kuna fedha, labda bangili, labda sarafu za zamani. Nilimuuliza ndani mlikuwa na nini. Akacheka, akasema, udongo nadhani. Nikaona huyu mzee ni mjanja, anaficha, kama mwenye shamba yeyote wa kwetu angeficha. Na ua ule ulikuwa umejaa misumari, vizibo, vipande vya mabati, mashine inalia kila hatua. Basi nikafanya anavyofanya kila mchimba dhahabu: nikageuza kitufe cha kukataa chuma. Ukikigeuza, detekta inanyamaza juu ya chuma na inalia kwa fedha, shaba na dhahabu peke yake. Machimboni chuma ni takataka. Sikuwahi hata siku moja kumtafutia mtu chuma.

Nilitafuta Jumapili kumi na moja. Nilipata kijiko cha alumini, vifungo viwili vya shaba, kitasa, na sarafu tano za kale zenye tundu la mraba, ambazo nilizipeleka kamati kwenye mfuko kama tulivyoahidi. Kila nilipopiga magoti na kuanza kuchimba, Mzee alikuwa akiacha anachofanya na kuja kusimama nyuma yangu, na nilikuwa nasikia pumzi yake. Kitu kikitoka na si karai, alikuwa anasema "vizuri, vizuri," kwa sauti ya mtu aliyeruhusiwa kuondoka hospitalini. Nilidhani ananifariji. Mchana tulikula ndani, chumba cha mbele, meza ya kukunja, picha ya mkewe marehemu juu ya friji. Alipika uji mweupe wa mchele wenye samaki na tangawizi, akanionya nisiongeze pilipili kabla sijaonja. Aliniita Xiao Ma, yaani Ma mdogo, kwa kuwa jina langu Mabula lilimshinda. Alinifundisha kukunja miguu kwenye kigoda kifupi. Nilimfundisha kusema "karibu chakula," akawa analisema tukimaliza kula. Yun alipokuja kumshawishi atie saini, walibishana kwa Kikantoni mbele yangu, na mara mbili tatu nilimwona mzee akininyooshea kidole mimi, kana kwamba mimi ndiye ofisi ya juu. Sijawahi kusema hivi kwa mtu: wiki zile nilikuwa naishi kwa ajili ya Jumapili. Jumatatu hadi Jumamosi nilisikiliza mafuta ya watu yakichemka nyuma ya ukuta.

Mraba wa mwisho niliumaliza chini ya ule mti. Kimya. Nikarudia mistari yote kwa upande mwingine. Kimya. Nilivua vifaa vya masikioni, nikamwambia neno ambalo mgeni hujifunza mwanzo kabisa sokoni Guangzhou, kwa sababu ndilo analoambiwa siku nzima: "Meiyou." Hakuna.

Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi nina stashahada ya kazi hii, na mashine hii ni ya juu, inawasikilizia watu chembe ndogo kuliko punje ya mchele. Alitikisa kichwa taratibu, akaingia ndani. Siku ya tatu yake alitia saini, akahamia kwa Yun.

Wiki moja baadaye nilikuwa kwa Mama Salma. Watu walikuwa wachache, mvua imewashika Zhongda. Alikuwa akikaanga samaki, nami nikamsimulia habari yote ya ua, mistari ya kamba na muhuri wa kamati, nikijivunia jinsi nilivyofanya kazi safi. Nikamweleza na kile kitufe, ili aone utaalamu. Akaacha kukaanga, akageuka na mwiko mkononi.

"Ngoja, baba. Huyo mzee alikutuma karai?"

"Karai la mama yake."

"La chuma, kama hili langu?"

Nikasema ndiyo, la chuma, ila mimi nilikuwa natafuta kilichomo.

"Nani alikwambia kuna kilichomo?" Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakunitania. "Mabula. Mtu kakutuma karai, wewe ukaenda kutafuta fedha."

Niliacha sahani. Nilipanda metro na detekta begani. Nilipofika kichochoroni kulikuwa na uzio wa mabati ya bluu, na juu yake mkono wa mtambo ulikuwa unapanda na kushuka. Nilimwonyesha mlinzi karatasi yangu yenye muhuri. Aliisoma vizuri, kwa adabu, akasema ni halali kabisa, lakini mahali pale hapapo tena. Kwa tundu la uzio niliona shimo la kina cha nyumba, maji ya mvua chini yake, na malori yanapanga foleni kubeba udongo. Mti ulikuwa umelala pembeni na majani yake.

Nataka kuwa mkweli kwa pande zote. Sijui kama karai lilikuwepo. Chuma kikubwa mara nyingine huishinda mashine hata ukiwa umegeuza kitufe, nayo hulia kwa nguvu. Kwa miaka hii yote nimejipa tumaini hilo. Lakini mara nyingine hainong'oni hata kidogo. Nilichokuwa na haki ya kumwambia Mzee ni kwamba sikutafuta. Nilikwenda fletini kwa Yun siku ileile nikiwa nimepanga maneno hayo kwa Kichina, moja baada ya jingine, nikiyarudia kwenye lifti.

Mzee alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amenenepa kidogo, au labda ni shati jipya. Jiko lilikuwa jeupe, kila kitu kinang'aa, na Yun hakuwepo. Aliniketisha, akanipa chai, akasema afadhali nimekuja, maana alikuwa na jambo la kunishukuru na hakujua ninapoishi. Kabla sijafungua mdomo alianza kusema. Alisema aliniambia uongo siku ile kuhusu kazi. Hakuchimba miaka hamsini kwa sababu aliogopa. Kama karai liko ardhini, maana yake mama yake alikufa kwa njaa hapo juu yake, hakulitumia, labda hakuwa na cha kuweka ndani, labda hakuwa na nguvu ya kulifukua. Alikuwa akimwagilia kabichi zake na kuogopa udongo wa nyumbani kwake. Lakini asingeweza kuondoka bila kujua. "Kisha ukaja wewe na mashine, ukasema halipo," akasema. "Basi alilitoa. Alilitoa, akapika."

Maneno yangu yote niliyoyapanga kwenye lifti yalikuwa mdomoni.

"Mashine yako haikosei, Xiao Ma?"

Nikatazama mikono yake juu ya meza. Nikasema, "Haikosei."

Sikuwahi kumwambia vinginevyo. Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata, nikafungua duka, kisha la pili, nikajenga. Kila mwaka mpya wao tulipigiana simu, na kila simu nilikata nikiwa mpweke kuliko nilivyokuwa kabla ya kuipiga, kwa kuwa rafiki yangu mmoja wa kweli katika mji ule alikuwa akimpenda mtaalamu ambaye mimi sikuwa. Mama Salma peke yake alijua, na alirudi Unguja, tukapotezana. Sasa na Mzee hayupo. Nilidhani kifo chake kingenifungua, nikagundua kwamba hakuna tena mtu wa kumkosea wala wa kumwomba radhi.

Ninachokumbuka zaidi si uzio wala shimo. Nakumbuka alivyoendelea pale mezani baada ya jibu langu, macho ameyafumba nusu, akitafuta alichopika mama yake. Mchele usingekuwepo, alisema. Labda majani ya viazi vitamu. Yalikuwa yanaota nyuma ya ukuta hata mwaka ule. Angeyakata madogo. Moto wa kuni kavu za ule mti, kwa sababu hauna moshi na jirani asingejua. Aliyachagua majani, aliyaosha, aliyageuza mara mbili, mara tatu, kwa mkono wake hewani, juu ya meza nyeupe ya binti yake. Nilikuwa namwangalia, na nikaona hajamaliza, kuna kitu kinakosekana na anaogopa kukitaja.

"Na chumvi?" nikamuuliza.

Akafikiri.

"Chumvi ilikuwepo," akasema.